Mtafute Sue kwenye lile bafu

Kuna muvi ukiitaja watu wanakumbuka damu tu. Carrie. Yule binti kasimama jukwaani na taji kichwani, anatabasamu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na ndoo ya damu ya nguruwe inamwagika kutoka juu. Ukimuuliza mtu inahusu nini anakwambia inahusu binti mwenye nguvu za ajabu aliyewachoma wenzake ukumbini, basi, stori imeisha. Mwezi uliopita nimeirudia ile ya 1976 ya Brian De Palma, halafu nikaisoma tena na riwaya yenyewe ya Stephen King ya 1974, na toka hapo kuna kitu hakijanitoka. Hii stori tunaisoma vibaya. Tunakaa upande wa Carrie kwa sababu ni raha kukaa upande wa aliyeonewa, lakini aliyekua mle ndani, yaani aliyeingia mtoto akatoka mtu mzima, sio Carrie. Ni Sue Snell, msichana aliyekuwa kwenye kundi la wanaocheka.

Tuanze na lile bafu. Carrie White ana miaka 16, anaishi na mama yake tu kwenye mji mdogo wa kubuni unaoitwa Chamberlain, jimbo la Maine huko Marekani. Kipindi cha michezo kimeisha, wasichana wanaoga pamoja, na Carrie anaona damu inashuka mapajani. Hajui ni nini. Hajui kabisa, anadhani kuna kitu kimepasuka ndani na anakufa. Anawakimbilia wenzie na mikono yenye damu awaombe msaada na wenzie wanarudi nyuma, kisha mmoja anacheka, kisha wote wanacheka, wanaanza kumrushia pedi na tamponi huku wanaimba kwa sauti moja azibe, azibe. Riwaya ina kipande kidogo cha kuumiza kuliko hata hicho: kuna msichana alishawahi kumkuta Carrie anafutia lipstiki kwa tamponi, kumbe masikini alidhani ndo kazi yake. Na wakati ule, badala ya mtu kujiuliza mbona huyu hajui, ikawa kichekesho.

Mtu wa pwani akisoma ukurasa huo anasimama. Msichana wa miaka 16 kavunja ungo na hakuna mtu hata mmoja aliyemwambia? Kwetu, na nasema kwetu Tanga kwa bibi yangu, mtoto akivunja ungo kuna mtu wake. Somo. Mama hasemi mwenyewe, anaona haya, anamwita somo, na somo anafunga mlango. Mie somo yangu alikuwa mke wa jirani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alinionyesha kukunja kitambaa, akanionyesha kukifua kwa maji ya baridi kwanza kwa sababu ya moto yanaikausha damu kwenye uzi, akanifundisha mahali pa kuanika pasipoonekana. Aliongea na mengine mengi ambayo sikuyaelewa hadi nilipoolewa. Sisemi mambo ya unyago yote yalikuwa mazuri, kuna wasichana walitoka ndani wakapelekwa moja kwa moja kwa mume na shule ikaishia hapo, hilo nalijua na linaniuma. Ila ile nusu saa ya mtu mzima kukukalisha chini akakwambia mwanangu hii ni damu yako na huumwi, ile nusu saa ndiyo Carrie aliyonyimwa. Anarudi nyumbani analia, anamuuliza mama yake mbona hukuniambia, na Margaret White anamwambia damu imekuja kwa sababu ya dhambi, kisha anamfungia kwenye kabati ili asali.

Sasa hapa ndo pa kuangalia vizuri. Wengi wanamlaumu mama na wanaishia hapo, mama kichaa wa dini, rahisi sana. Lakini kabla Carrie hajafika nyumbani amepita kwa watu wazima wawili shuleni. Mwalimu wa michezo, kwenye riwaya anaitwa Miss Desjardin, anaingia bafuni anakuta zogo na kitu cha kwanza anachofanya ni kumchapa Carrie kofi, baadaye ndo anagundua kwamba mtoto hajui kinachomtokea. Na akiwa ofisini anakiri kwamba aliwaelewa wale wasichana, kwamba na yeye alitamani kumkamata Carrie amtikise. Mwalimu mzuri huyu! Ndiye anayemtetea kuliko wote, anawapa wale wasichana adhabu kali, na bado ndani yake kuna kitu kilekile cha wale wasichana. Halafu yule mtu mzima wa pili, kiongozi wa shule mle ofisini, macho yake yanakwenda kwenye alama ya mkono wa damu kwenye kaptula nyeupe ya mwalimu, hajui aangalie wapi, anataka tu hii habari imtoke mezani. Kwenye muvi anamwita Carrie kwa jina la Cassie. Anarekebishwa. Anarudia tena Cassie. Mpaka binti anapiga kelele kwamba jina lake ni Carrie na kisahani cha majivu ya sigara kinaruka toka mezani chenyewe. Watu wanakumbuka kisahani. Mimi nakumbuka lile jina, kwa sababu nimesoma na watoto ambao walimu hawakuwa na habari na majina yao mpaka siku ya matatizo.

Kiswahili kina neno kuzomea, na nadhani ni neno linaloieleza riwaya hii kuliko neno uonevu ambalo tunalitumia kwenye semina. Kuonea mtu mmoja anaweza. Kutukana mtu mmoja anaweza, kupiga pia. Kuzomea kunataka watu. Huwezi kusimama peke yako barabarani ukazomea, utaonekana una matatizo, lakini mkiwa kumi sauti inajipata yenyewe na hakuna anayeona kwamba yake ilikuwemo. Ndo maana baadaye ukiuliza nani alianza hapatikani. King alilijua hili. Kuna shahidi kwenye riwaya, mmoja wa wanafunzi walionusurika, anaeleza kwa nini watu walicheka ile usiku damu ilipomwagika, na maelezo yake ni kwamba ilibidi ucheke au uwe kichaa, na baada ya miaka yote ile ya kumcheka Carrie nani angeweza kuanza kumlilia? Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikatoka nje kidogo. Kicheko kimeshakuwa mazoea, mwili unacheka kabla moyo haujaulizwa.

Niseme la kwangu. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa ya wasichana, sitaitaja. Kulikuwa na mwenzetu mmoja kahamia katikati ya mwaka, mkimya, sketi yake imefifia rangi, ile bluu ya kufuliwa sana. Siku moja kipindi cha mwisho kabla ya chakula akaambiwa asimame ajibu swali akasimama na nyuma kumechafuka. Mwalimu hakuona, aliona aliyekuwa nyuma yake, na kikaanza kile kicheko cha puani, kikaenda dawati hadi dawati. Mimi nilicheka. Sikuwa na ugomvi naye, sikuwa hata namjua vizuri, na mimi mwenyewe nilikuwa na mwaka mzima toka nivunje ungo, somo yangu alishanifunza yote, nilijua kabisa kile ni nini na kinaumaje. Kengele ilipolia yeye hakunyanyuka. Alikaa. Tulipopita dirishani kwenda kupanga foleni nikamwona anamimina maji ya chupa yake ya kunywa kwenye kiti, anafuta kwa karatasi alizochana kwenye daftari, anafuta anaangalia mlango, anafuta anaangalia mlango. Jioni alishapewa jina. Peni Nyekundu. Alikaa na jina hilo hadi fomu foo.

Kwa hiyo nikisoma kwamba Sue Snell naye alirusha pedi, kwamba alikuwa pale katikati anaimba na wenzie, huyu namjua. King hamfanyi kuwa shetani. Shetani yupo, ni Chris Hargensen, mtoto wa wakili, anayegoma adhabu na kumleta baba yake atishie shule, na akishafungiwa kwenda kwenye ile dansi kubwa ya kumaliza shule anapanga yale ya ndoo na mpenzi wake Billy Nolan. Chris yuko wazi mno, hana la kutufundisha, watu kama yeye ni wachache kila shule. Sue ndiye wengi wetu. Msichana mzuri, anapendwa, ana mchumba anayejielewa, na siku ile kwenye bafu aligundua kwamba ukatili uko ndani yake na unatoka kirahisi tu. Haimuachi. Hapo ndipo utoto wake unapokufa, siku ya bafu, kabla hata moto haujawaka.

Na ujanja wa hii thrila uko palepale. Thrila nyingi zinakuficha jambo ili ushtuke mwisho. King anafanya kinyume, toka kurasa za mwanzo anakuwekea vipande vya magazeti, ripoti ya tume, kumbukumbu alizokuja kuziandika Sue mwenyewe, kwa hiyo unajua mapema kabisa kwamba mji utateketea na zaidi ya watu 400 watakufa. Hakuna siri. Kinachokuweka roho juu ni kuona kila mlango ambao mtu angeweza kuufungua na hakuufungua. Ni kama kumwona mtoto anatambaa kuelekea kisimani na wewe uko ng'ambo ya bonde. Kwenye muvi De Palma kalipeleka hili mbali zaidi: Sue anaingia ukumbini, anaiona kamba, anaifuata kwa macho hadi juu kwenye ndoo, anaelewa, anakimbilia jukwaani. Na mwalimu wa michezo anamkamata anamtoa nje. Anadhani kaja kuharibu. Mtu pekee aliyebadilika kwenye jengo zima anasukumwa mlangoni kwa sababu hakuna anayeamini kwamba mtu aliyekuwa anazomea anaweza kuacha.

Kundi halikuachii, hilo ndo jambo. Halimwachii anayezomewa wala halimwachii anayezomea. King amesimulia alikompata Carrie, walikuwa wasichana wawili aliowahi kuwajua akiwa anasoma, na wote wawili walikuwa wameshafariki wakati anaandika. Mmoja alikuwa anavaa nguo zilezile kila siku ya Mungu na wanamcheka kwa nguo. Baada ya likizo ya Krismasi akarudi na nguo mpya, nywele kazitengeneza, kapendeza. Wakamcheka zaidi. Hebu fikiria! Sababu waliyokuwa wanaisema miaka yote ameiondoa na bado wakamcheka, tena mara mbili, kwa kuthubutu kutoka kwenye boksi walilomweka. Ile dansi ya Carrie, gauni aliloshona mwenyewe, ndo nguo mpya za yule msichana.

Mwaka juzi tumefungua grupu la WhatsApp la darasa letu. Tuna watoto sasa, wengine wana mabinti wakubwa, kuna daktari, kuna mwalimu mkuu. Aliongezwa yule mwenzetu, akasalimia vizuri, akaweka picha ya familia. Haikupita dakika kumi mtu akaandika jamani Peni Nyekundu huyoo na vikatuni vya kucheka machozi, na vikatuni vikafuatana, kimoja kimoja, majina ya watu wazima wenye heshima zao. Akatoka kwenye grupu. Miaka zaidi ya 20, watu wale wale, kicheko kile kile. Nguo mpya na bado.

Na kitu cha kushangaza, hii riwaya karibu isingekuwepo na sababu ni ileile. King alikuwa mwalimu wa sekondari, maisha magumu, alikuwa pia ameshafanya kibarua cha usafi shuleni, wakisafisha bafu la wasichana akaona kuna mapazia na kiboksi ukutani ambacho kwa wavulana hakipo, ikabidi amuulize mwenzie ni cha nini. Mwanaume mzima. Akaandika kurasa za mwanzo akaona dunia hii haijui akazitupa kwenye ndoo ya taka. Mkewe Tabitha ndiye aliyeziokota, akazisoma, akamwambia endelea, mambo ya wasichana nitakusaidia. Kitabu kilianza kwa malipo ya awali ya dola 2,500 na haki za toleo la bei nafuu zikaja kuuzwa kwa dola 400,000, ndo kilichomtoa darasani. Lakini mimi napenda ile ya ndoo ya taka. Tabitha alikuwa somo wa riwaya hii. Asiyejua alipata mtu wa kumwambia bila kumcheka.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya Wazungu wa miaka ya sabini. Septemba 2019, Bomet, Kenya, msichana wa miaka 14 alijiua baada ya kuchafuka darasani, na kwa maelezo ya mama yake mwalimu alimwita mchafu na kumtoa nje. Ilikuwa hedhi yake ya kwanza. Wazazi waliandamana shuleni na polisi wakatumia mabomu ya machozi kuwatawanya. Na Kenya hii ndiyo iliyofuta kodi ya pedi mwaka 2004, ndiyo iliyopitisha sheria 2017 kwamba serikali itoe pedi bure kwa wasichana mashuleni, wametuzidi sana sisi tuliofuta VAT 2018 tukairudisha mwaka uliofuata. Pedi ni muhimu na kodi itoke, nitalisema popote. Ila sheria haikuwemo mle darasani. Mle darasani kulikuwa na mtoto, mtu mzima mmoja, na macho ya wenzie.

Ndio maana sikubaliani na wanaoitazama Carrie kama stori ya kisasi. Wapo wanaosema bora aliwachoma, walistahili, laiti kila aliyeonewa angekuwa na ile nguvu. Naelewa hasira hiyo. Lakini kisasi kinatupa nafasi ya kukwepa, kwa dakika ile ya moto wote tunakuwa Carrie, wote tunakuwa tuliwahi kuonewa, na ghafla darasa zima halina aliyewahi kucheka. Kama wote tulionewa, nani alikuwa anatuonea? Hata toleo la muvi la 2013 la Kimberly Peirce, ambalo wengi hawakulipenda, lina jambo moja la maana: pale bafuni Chris anatoa simu anarekodi, video inapandishwa mtandaoni. Sasa anayecheka hahitaji hata kuwepo bafuni, anacheka akiwa kitandani kwake, anabonyeza shea, na asubuhi anaenda shule na uso msafi.

Na hata Sue simwachii. Anamwomba mchumba wake Tommy Ross ampeleke Carrie kwenye dansi badala yake, na watu wanaiona kama sadaka kubwa, kweli ni kubwa kwa msichana wa umri ule. Lakini kwenye kitabu chote Sue hakuwahi kwenda mbele ya Carrie akamwambia nilikukosea, nisamehe. Alitengeneza mpango. Alimpa zawadi kwa mkono wa mtu mwingine, ili yeye dhamiri ipoe bila kuyaangalia yale macho, na ndani ya zawadi hiyohiyo Chris akapata pa kuning'iniza ndoo yake. Sisemi ni kosa lake. Nasema ilikuwa rahisi kwake kutoa mchumba kuliko kutoa sentensi moja, na hilo nalielewa hadi kwenye mifupa, maana namba ya yule mwenzetu ninayo toka siku ile ya grupu, nimeandika nikafuta mara nyingi.

Mwisho wa riwaya, ambao muvi haukuuchukua, Sue anamkuta Carrie nje usiku, anakufa. Carrie hana nguvu ya kusema, anaingia kwenye akili ya Sue na kupekua, kuona kama kweli hakuwa na nia mbaya. Na Sue anasimama pale anapekuliwa, hawezi kuficha kitu, mpaka Carrie anakata roho akiwa bado ndani yake. Sue anakimbia gizani, na akiwa anakimbia, siku zake ambazo zilikuwa zimechelewa zinaanza, damu inamshuka mapajani. Kitabu kilichoanza na damu ya Carrie kinafika kwenye damu ya Sue. Safari hii hakuna mtu wa kucheka, mji mzima unaungua.

Ukiirudia ile muvi basi usimwangalie Carrie pale mwanzo, ni vigumu lakini jaribu. Angalia lile kundi. Mtafute Sue. Haoneshwi kwa namna ya pekee, itabidi umtafute kwenye mikono na nywele zilizolowa, na utamwona anarusha kama wenzie. Mimi nilikuwa dawati la tatu upande wa dirisha. Asubuhi ile kulikuwa na baridi, nilikuja na sweta, na jua lilipotoka nilikuwa nimelivua nikalikunja nikaliweka kwenye begi miguuni pangu.